Chombo Kikiamua, Nani Atajibu?

Mwezi huu twataka kulitazama swali moja ambalo laonekana jipya, walakini mizizi yake ni ya kale. Swali lenyewe ni hili: Mtu akipata chombo kiwezacho kutambua mambo kuliko macho yake mwenyewe, je, yampasa kukiachia chombo hicho kazi ya kuamua? Na kosa likitokea, nani atajibu?

Tuweke mfano. Mama mjane akaa karibu na mlango wa mto Ruvuma, naye ana shamba la muhogo la nusu eka. Muhogo ule ndio tegemeo lake na la wajukuu wake katika miezi ile ambayo ghala ni tupu na mavuno mapya bado. Siku moja kijana wa jirani amjia na simu yake ya mkononi. Aielekeza simu kwenye jani la muhogo, angoja kidogo, kisha amwambia, "Bibi, simu yasema mmea huu una ugonjwa wa michirizi ya kahawia." Mama yule ajifunga kanga yake, amwendea mwalimu wa usharika, amwuliza, "Mwalimu, simu yasema shamba langu laugua. Je, ning'oe, au niache?"

Mwalimu atamjibu nini? Akimwambia ang'oe, na simu ikawa imekosea, mama amepoteza chakula chake bure. Akimwambia aache, na simu ikawa imesema kweli, ugonjwa utaingia katika mashamba ya majirani, na mwakani mama atapanda pingili zilizo gonjwa tangu siku ya kwanza. Hapa pana njaa ya watu upande huu, na njaa ya watu upande huu wa pili. Si swali la mchezo.

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini chombo tukisemacho kipo, na sehemu kubwa ya kukifundisha ilifanyika katika nchi yetu. Jina lake ni Nuru. Kilitengenezwa na watu wa PlantVillage katika Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, iliyo na kituo Dar es Salaam. Programu iliyotumika kukifundisha yaitwa TensorFlow, nayo ni kazi ya kampuni ya Google. Hivyo watu wa elimu na watu wa biashara wametia mikono yao katika chungu kimoja, na siku hizi mambo mengi hupikwa namna hiyo.

Kilifundishwaje? Wataalamu walikwenda katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo, wakapiga picha za majani ya muhogo kwa maelfu. Kila picha ikapewa jina na mtu ajuaye: jani hili lina batobato, hili lina michirizi ya kahawia, hili limeharibiwa na utitiri, na hili ni zima. Kisha chombo kikaonyeshwa picha hizo, kikakisia, kikasahihishwa, kikakisia tena, kama mtoto anayejifunza herufi, hata makosa yake yakapungua. Habari za kazi hiyo zilitangazwa mwaka 2017, na baadaye chombo kikawekwa katika simu, ili mkulima aweze kukitumia shambani hata pasipo mtandao. Yatupasa kulikumbuka jambo hili: kila kitu Nuru ikijuacho juu ya jani, ilikipata kwa watu walioinama juu ya majani kabla yake.

Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, aliuandika kwa mara ya kwanza kuwa ni ugonjwa mwingine, usio batobato. Huenezwa na inzi weupe walio wadogo sana, na kwa mikono yetu wenyewe tunapopeana pingili zilizo gonjwa. Katika pwani hii, toka Kenya hata Msumbiji, umekaa miaka mingi. Tena ni mwizi ajifichaye. Batobato hukunja majani machanga, na mtu huiona toka njiani. Lakini michirizi ya kahawia huonekana zaidi katika majani ya chini yaliyokomaa, kwa rangi ya manjano kando ya mishipa ya jani, na mtu hudhani ni uzee tu wa jani. Shina husimama vizuri, shamba hupendeza, hata siku ya kuvuna, mwenye shamba akatapo muhogo wake hukuta ndani umeoza kuoza kukavu, wenye rangi ya kahawia, haufai makopa wala kupika.

Basi wataalamu waliupima ujuzi wa chombo na ujuzi wa watu. Latifa Mrisho na wenzake walitangaza matokeo mwaka 2020. Wakulima walipotazama majani walitambua sawasawa mara 18 hata 31 katika kila 100. Mabwana shamba na mabibi shamba walitambua mara 40 hata 58. Nuru, ikitazama jani moja tu, ilitambua mara 65. Na ilipoonyeshwa majani 6 ya mmea mmoja, ilitambua mara 74 hata 88.

Tuzisome hesabu hizi polepole, maana zina mafundisho mawili, na mtu mvivu hupenda kuchukua moja tu. Fundisho la kwanza latuinamisha sisi. Mzee aliyelima muhogo miaka 40 aweza kuona haya akisikia kwamba simu ya kijana yalitambua jani kuliko yeye. Lakini haya hiyo haina faida. Kama jicho letu halioni, na chombo chaona, kukikataa kwa ajili ya heshima yetu ni kuwanyima watoto chakula kwa ajili ya kiburi chetu. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Fundisho la pili lakiinamisha chombo. Mara 65 katika 100 maana yake kimekosea mara 35. Hata kikionyeshwa majani 6, hukosea mara 12 hata 26. Tena waliokitengeneza wenyewe waliandika kwamba ni dhaifu zaidi mahali ambapo dalili za ugonjwa bado ni hafifu, yaani pale pale ambapo mkulima ahitaji msaada zaidi, kabla ugonjwa haujaenea. Twawasifu kwa kulitangaza jambo hilo. Fundi asemaye, "Ngalawa yangu yavuja hapa," amekuokoa kuliko yule asemaye haivuji kabisa.

Sasa twende mbele. Swali la namna gani mtu na chombo waamue pamoja limefikiriwa na wengine kabla ya muhogo wetu. Mwaka 1997 watu wawili waliandika makala ambayo wataalamu wa mambo hayo hata leo huirejea. Mmoja, Raja Parasuraman, alikuwa mwalimu wa Catholic University of America mjini Washington. Wa pili, Victor Riley, alikuwa mtu wa kampuni ya Honeywell, itengenezayo vyombo vya kuongozea ndege. Chuo kikuu na kampuni tena. Walisema kwamba mtu aweza kuhusiana na chombo kijiendeshacho kwa njia nne. Ya kwanza ni kukitumia ipasavyo. Ya pili ni kukitegemea kupita kiasi. Ya tatu ni kukipuuza. Ya nne si kosa la mtumiaji, bali la mwenye kubuni au msimamizi, akiwekaye chombo mahali pa mtu bila kufikiri matokeo yake kwa mtu yule.

Njia ya pili ina misiba yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1972 ndege moja ya abiria ilianguka usiku katika mabwawa ya Everglades, nchi ya Florida, Marekani, wakafa watu zaidi ya 90. Ndege ilikuwa karibu kuwa nzima. Taa moja ndogo ya gurudumu la mbele haikuwaka, na marubani wote wakashughulika na taa ile, wakidhani kwamba chombo kiongozacho ndege kinashika kimo chake. Kumbe kilikuwa kimeacha kushika, na ndege ikashuka kidogo kidogo gizani. Chombo hakikuwalazimisha wasitazame. Wao waliacha kutazama kwa sababu kilikuwapo.

Njia ya tatu twaijua vijijini. Mtu akiambiwa mara moja kwamba shamba lake laugua, naye akavuna muhogo mzuri, hataisikia simu tena hata siku itakaposema kweli. Kengele ya hatari ikilia bure mara nyingi, watu huifunga kitambaa. Hivyo anayeisifu simu kupita kweli yake, akidhani aisaidia, ndiye aiharibiaye jina.

Lakini njia ya nne sisi wa Mtwara twaijua kuliko wengine, maana bandari yetu ilijengwa kwa ajili yake. Vijana waionao meli ikipakia korosho hawaulizi gati lile lilikusudiwa nini. Lilikusudiwa karanga.

Mwaka 1946, nchi ya Uingereza ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyo chini ya Unilever, aliitolea serikali yake shauri la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Wakatumwa watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika. Wakazunguka majuma 9, wakarudi na hesabu nzuri: mashamba 107, kila moja eka 30,000, jumla eka 3,210,000, katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ikaanza mwaka 1947. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikajaa matrekta. Kwa Nachingwea ilitakiwa njia ya kufika baharini, ndipo ikajengwa reli, na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara.

Matokeo yajulikana. Kongwa iko katika nchi ya Wagogo, nayo tangu zamani ni nchi ya mvua haba. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa, na udongo ulipokauka ukawa mgumu hata karanga hazikung'oleka na vyuma vikavunjika. Mwaka 1951 serikali ilikomesha mpango ule, ikiwa imepoteza karibu pauni milioni 36. Gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa zimekwisha shindwa, na reli ya Nachingwea ikafungwa katika miaka ya mwanzo ya 1960.

Mtu aweza kusema, "Karanga na simu zahusianaje? Wale hawakuwa na chombo kifikiricho." Ni kweli, walikuwa na karatasi. Lakini karatasi yenye hesabu ni chombo nayo. Huchukua mambo mengi ya nchi, huyakusanya kuwa tarakimu chache, kisha tarakimu husema "fanyeni," na watu hufanya. Watu wale hawakuwa wajinga, na wengi wao hawakuwa wabaya. Nia ya kuwalisha watu wenye upungufu ni nia njema. Kosa lao ni kwamba katika meza ile walikaa watu wa serikali na watu wa kampuni na watu wa elimu, na aliyelala njaa Kongwa mvua ilipokosa hakupewa kiti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapa ndipo twataka msomaji asimame nasi. Chuo kikuu na kampuni wakishirikiana kutengeneza chombo, huja mezani na maswali mawili. Mtu wa chuo huuliza, "Je, ni kweli?" Mtu wa kampuni huuliza, "Je, chafanya kazi kwa watu wengi, tena kwa gharama ichukulikayo?" Maswali yote mawili ni mema, na pasipo hayo chombo kisingekuwapo. Lakini mama wa Ruvuma ana swali la tatu: "Je, tutakula?" Swali lake halimo katika la kwanza wala la pili. Asipokuwapo yeye kuliuliza, halitaulizwa.

Tutoe ushahidi wa jambo hili katika muhogo wenyewe. Kusini mwa nchi yetu iko mbegu iitwayo Nachinyaya. Wataalamu waliochunguza ugonjwa huu waliandika kwamba Nachinyaya huonyesha dalili katika majani, lakini mizizi yake huchelewa kuoza. Sasa elekeza simu kwenye jani la Nachinyaya. Simu itasema mmea unaugua, nayo itakuwa imesema kweli tupu. Mtu wa chuo ataridhika. Lakini mama akiing'oa yote siku ile kwa neno hilo, ataangamiza chakula ambacho huenda kingemfikisha mavuno. Tena pande zote za pwani wakulima wengi wamejifunza kuvuna mapema muhogo uugao, kabla kuoza hakujaingia, nao hupata kitu. Chombo hutazama jani, na mtu hula mzizi. Kati ya jani na mzizi pana ujuzi wa mbegu, wa mwezi wa kupanda, wa hali ya ghala, na wa idadi ya watoto nyumbani, na huo hauko katika picha.

Kwa hiyo twatenganisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kutambua ni neno moja, na kuamua ni neno la pili. Kutambua ni kujua jambo lilivyo. Kuamua ni kuchagua lipi lifanyike, na kuyachukua matokeo yake. Katika kutambua, chombo chaweza kutupita, na tukubali bila chuki. Lakini katika kuamua, yatakiwa mtu awezaye kujibu. Na kujibu ni nini? Ni kuweza kuitwa mbele ya wazee na kuja. Ni kuweza kuona haya. Ni kuweza kusema, "Nimekosa," na kuleta kikapu cha muhogo kwa yule uliyemtia hasara. Simu haina kikapu.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu sisi tuandikao, ili tusiwe watu wa kuwafundisha wengine tu. Mwaka mmoja tulisoma katika simu habari za mvua, kwamba imekaribia. Tukafurahi kuwa watu wenye habari. Tukamwambia jirani yetu mmoja apande mahindi yake juma lile, naye akapanda mbegu zote alizokuwa nazo. Mvua ilinyesha siku mbili ikakatika, na mbegu zikafia ardhini. Alipotujia tulimwambia, "Ndugu, simu ndiyo iliyosema." Akatutazama kwa muda, akajibu, "Simu haikuja mlangoni pangu. Ulikuja wewe." Hatukuwa na neno. Tulikuwa tumesoma habari ya nchi nzima, tukaifanya kuwa amri kwa shamba moja, wala hatukumwambia kwamba habari za mvua hubahatisha. Tulimnyima nafasi ya kupanda nusu na kuweka nusu, kama ambavyo yeye, mkulima mzoefu, angalifanya kama angalijua mashaka yaliyokuwamo.

Tangu siku ile tumeliogopa neno "simu imesema." Zamani watu walijificha nyuma ya neno "bwana mkubwa ameamuru." Maneno ni tofauti, maficho ni yale yale. Sisi twadhani hatari iliyo karibu zaidi si kwamba vyombo vitatutawala kwa nguvu. Ni kwamba watu wenye cheo, wa ofisini na wa mezani na hata wa usharika, watapenda kuwa na kitu cha kukisingizia.

Basi nani atajibu? Twaona kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu ya mmoja haiondoi ya mwingine. Waliokitengeneza chombo wajibu kwa ukweli wake: waseme kilipimwa wapi, kwa mbegu zipi, na hukosea mara ngapi, tena waseme kwa Kiswahili ambacho mama aweza kukifahamu. Walio na mamlaka ya kukieneza wajibu kwa kumwuliza mkulima kabla, wala si baada. Kijana mwenye simu ajibu kwa kueleza mashaka yote, asiongeze wala asipunguze. Mwalimu aulizwaye shauri ajibu kwa shauri lake, akisema "mimi nadhani," si "simu yasema." Na mama mwenye shamba ndiye aamuaye, kwa kuwa ndiye atakayekula au kukosa. Lakini kama ameamua kung'oa ili kuwaokoa majirani, majirani nao wana deni kwake. Si haki mtu mmoja alipe peke yake gharama ya afya ya mashamba yote.

Mwingine atapinga, aseme, "Mwamfanya mama kuwa mwamuzi, nanyi mmesema wenyewe kwamba wakulima hutambua mara 18 hata 31 tu. Si afadhali aamue yule ajuaye?" Neno hili lina uzito. Twajibu kwamba hesabu ile ilipima kazi moja, kulipa jani jina la ugonjwa wake. Haikupima kama mtu ajua kuyagawa mavuno kidogo kwa miezi mingi. Tena mtu asiyeamua hajifunzi. Mama akiongozwa kila siku kama mkono wa mtoto, mwaka ambao simu imeharibika hatakuwa na simu wala jicho. Lakini akitazama jani kwanza, aseme lake, kisha aulize chombo, kisha akate mzizi aone nani alisema kweli, baada ya miaka michache jicho lake litakuwa limenolewa, na chombo kitakuwa kimefanya kazi njema kuliko ile kilichotumwa.

Mwingine atasema upande wa pili, "Jembe letu latutosha, mambo haya ya ugenini tuyaache." Huyu twamwambia kwamba muhogo wenyewe ni mgeni, uliletwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini, na korosho vivyo hivyo. Hatukuvikataa. Tulivipanda, tukavijaribu, tukachagua mbegu, tukavipa majina yetu, hata leo mtu wa pwani hajui kula pasipo muhogo. Chombo nacho tukifanyie hivyo hivyo: tukijaribu kwanza, tukipime, na tukikubali kwa sehemu ile ambayo kimefaa.

Sasa turudi kwa mama aliyesimama mlangoni pa mwalimu, maana tusimwache amesimama. Sisi tungependa mwalimu amwambie hivi: "Mama, tusiipuuze simu, wala tusiitii upesi. Twende shambani. Kijana atazame majani 6 ya kila mmea ule, si moja. Tutazame wenyewe majani ya chini na shina. Kisha tung'oe mmea mmoja wenye dalili, na mmoja usio nazo, tukate mizizi yote tuone ndani. Tuitane na bwana shamba. Na Naliendele, karibu na mji wetu, kuna kituo cha utafiti wa kilimo, tuombe shauri la mbegu huko. Ikiwa kuoza kumeanza, tuanze kuvuna na kukausha makopa sasa, sehemu kwa sehemu, usibaki na njaa. Ikiwa mizizi ni mizima, tung'oe ile michache yenye ugonjwa, na mingine tuiangalie kila juma. Lakini kwa vyovyote, mama, usikate pingili za mwakani katika shamba hili, wala usimpe jirani. Za kupanda tutakutafutia, sisi wa usharika. Nami nikiwa nimekosa katika shauri hili, njoo kwangu."

Shauri hili lachukua asubuhi nzima, na simu ilichukua dakika moja. Walimu na wazee wa sharika, tusione uchungu kwa asubuhi ile. Chombo kimetupunguzia kazi ya kutambua ili tupate nafasi ya kazi iliyobaki, ya kutembea mpaka shambani pamoja na mwenye shida. Watu wa vyuo na watu wa makampuni wataendelea kututengenezea vyombo vya namna nyingi, vya shamba, vya hospitali, vya shule na vya benki, na vingi vitatufaa. Kila kijapo kimoja tukipokee, tukitazame, na kabla ya kukitumia juu ya mtu mwingine tujiulize: kikikosea, mtu huyu atabisha hodi mlangoni pa nani? Kama hatujui mlango ule, tusikitumie bado. Na kama mlango ni wetu, tuwe tayari kuufungua.